Viazi vyangu na simu ya Ijumaa: niliyoongea na watu wa soko, Kisumu

Haya ni maongezi niliyotoa mbele ya wafanyabiashara wa soko, watu wa boda na wazee wachache wa kamati za amani, kwa ukumbi mmoja sio mbali na Kibuye. Wengine waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika venye niliyasema, nimetoa tu zile kukohoa.

Amosou, chamgei, mulembe, bwakire. Wenzangu wa Nakuru tutasalimiana kwa matatu tukirudi.

Nilipoitwa niliambiwa nije niongee juu ya "kuzuia migogoro na kujenga amani ili kuwezesha maendeleo", nikamwambia yule kijana aliyenipigia, kijana wangu hiyo ni lugha ya semina na mimi ni broka wa viazi, natoa viazi Molo na Mau Narok nateremsha Kericho, Sondu, Oyugis, mara nyingine hapa Kibuye siku ya Jumapili, na hiyo kazi nimeifanya zaidi ya miaka 20, sasa mimi nitawaambia watu nini. Akacheka akasema, basi mzee ongea juu ya viazi. Haya, nitaongea juu ya viazi, na mkiona nimepotea mnikohoee.

Desemba 2007. Tulipiga kura Alhamisi tarehe 27. Ijumaa kura zikiwa bado zinahesabiwa nikapigiwa simu na mteja wangu wa Sondu, mama mmoja ambaye tulikuwa tumefanya biashara miaka kama sita hivi, na huyo mama hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo, kredo siku hizo ilikuwa ghali, alikuwa anaflashi tu halafu wewe ndio unapiga. Siku hiyo alipiga mwenyewe. Akaniambia, "Baba, wiki hii usilete mzigo." Nikamuuliza kwani kuna nini. Akasema hajui, lakini ameona vitu vitatu na havimkalishi vizuri. Kwanza, wale akina mama wa upande wa juu wanaoshuka na maziwa asubuhi, hawajaonekana siku mbili. Pili, jirani yake wa kibanda, ambaye ni wa lugha ile ingine na wamekaa bega kwa bega karibu miaka kumi, amekunja turubai akaenda, na sio turubai tu, amebeba hadi mawe ya jiko. Mawe ya jiko! Nani anabeba mawe kama ana mpango wa kurudi? Na ya tatu, kijana anayeuza petroli ya chupa pale stendi amemwambia ameuza chupa nyingi kuliko pikipiki zilizoko hapo Sondu, na siku hizo pikipiki hazikuwa kama saa hii, unaweza kuzihesabu na vidole.

Sasa mimi mwanaume mwenye akili zangu nilimjibu nini? Nilimwambia, mama hiyo ni siasa tu, Jumapili itakuwa imeisha.

Jumamosi nikapakia Molo. Magunia 30, yale ya zamani ya mukorino, yaliyojazwa mpaka yakawa kama yamevaa kilemba, kabla sheria haijatulazimisha gunia la kilo 50. Jumapili tarehe 30 tukatoka, tukafika Kericho, tukawa tunangojea mteja mmoja atulipe ndio tushike Kapsoit tuteremke Sondu, na huyo mteja akachelewa, enyewe nikiwaza vizuri huyo mtu kwa kuchelewa kwake labda alituokoa, juu matokeo yalitangazwa jioni tukiwa bado tumekaa tunakunywa chai. Nusu saa baadaye barabara ilikuwa na mawe. Tulijaribu kusonga kidogo, vijana wakatusimamisha wakaitisha kitambulisho, hawakuwa wanaangalia picha, walikuwa wanaangalia jina la tatu, lile linaloonyesha wewe ni wa kabila gani. Dereva wangu alikuwa ameshika usukani anatetemeka mpaka funguo zinalia kwa swichi. Sitasema tulipitaje hapo. Tuligeuza tukaingiza Canter ndani ya uwanja wa kituo cha polisi na tukalala hapo usiku tisa.

Mnajua kiazi kikioza? Nyanya ikioza inakuonyesha, inapasuka, unaiona. Kiazi kinaoza kikiwa kimevaa ngozi yake vizuri. Unaangalia gunia unaona liko sawa, siku ya nne linaanza kutoa jasho, siku ya tano maji meusi yanadondoka katikati ya mbao za gari, na ile harufu ni kama samaki imesahaulika ndani ya begi la shule. Kila asubuhi dereva alikuwa anafungua gunia moja, anachambua, anafunga, anaenda kwa lingine, askari wanatuangalia tu wanatuonea huruma. Siku ya kumi tukarudi Nakuru na msafara wa malori yaliyokuwa yanasindikizwa na polisi. Tulitoka na 30 tukarudi na 11, na hizo 11 sikuwa na moyo wa kuziuza. Tulizipeleka Showground, pale uwanja wa maonyesho Nakuru, ambako watu walikuwa wamejaa na magodoro na kuku na masufuria, wengine hawana hata kiatu. Mama mmoja alipokea viazi kwa leso, akaviangalia, halafu akaniuliza kama nina chumvi. Nilikuwa nimebeba viazi na sikuwa na chumvi. Mpaka leo hilo swali huwa linanirudia nikipakua.

Na hapo Nakuru yenyewe bado haikuwa imechomeka. Hiyo ilikuja mwisho wa Januari, Nakuru halafu Naivasha.

Sasa mtaniuliza, hii hadithi ya viazi na maendeleo zinakutania wapi. Ngojeni.

Hesabu za nchi nzima mnazijua: tume ya Jaji Waki, iliyochunguza hivyo vita, ilihesabu waliokufa 1,133, na serikali ilihesabu waliotoka makwao zaidi ya laki sita. Uchumi uliokuwa unakua kwa kama asilimia 7 mwaka 2007 ukaanguka chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Reli iling'olewa Kibera na Waganda wakakosa mafuta, yaani vijana wanang'oa chuma Nairobi na mtu wa Kampala anapanga laini na jerikeni. Hizo ni hesabu kubwa na wasomi wameziandika. Mimi nataka niwape hesabu moja ndogo ambayo sijaiona kwa ripoti yoyote.

Kabla ya hiyo Desemba nilikuwa naacha magunia Sondu bila kuandika kitu. Naacha nane, mama anauza, nikirudi ananilipa, ananichukulia nane zingine. Hakuna benki, hakuna dhamana, hakuna wakili, ni mdomo tu. Na yeye naye alikuwa anawaachia wale wa kupima kwa debe, na wale wa debe wanawaachia wale wa chipsi, na mimi huku juu mkulima wa Molo ananiachia shamba nichimbe nimlipe nikirudi. Ukihesabu vizuri, kiazi kimoja kimetoka Molo mpaka kwa sahani ya mtoto wa shule Oyugis na hakuna mtu hata mmoja njiani aliyekuwa na pesa ya kukinunua siku hiyo. Kimetembea kwa kuaminiana. Huo ndio mtaji wetu sisi watu wadogo, benki haituoni lakini tunakopeshana.

Baada ya vita, ikawa pesa mkononi ama gari inageuka. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, sisemi mtu mwingine. Niliogopa kumwachia mtu mzigo kwa soko ambalo sijui kesho litakuwa la nani. Basi mama akiwa na pesa ya magunia mawili ananunua mawili, na soko lilikuwa linakula nane, wa debe akapata kidogo, wa chipsi akafunga, na Molo mkulima akapunguza shamba akapanda mahindi ya kula. Hakuna aliyechoma chochote hapo, hii ni 2009, 2010, amani ishatiwa saini zamani, Kofi Annan aliyetupatanisha alishaondoka, mkataba ulisainiwa 28 Februari 2008 na tulishangilia wote. Lakini kuaminiana hakusainiwi. Kurudi kwa mkopo wa mdomo hiyo njia yangu ilichukua karibu miaka minne. Sasa mkiona mtu anawaambia maendeleo ni lami na stendi mpya, mwambieni sawa, na hiyo lami nani atapitisha mzigo wa mkopo juu yake?

Na huyo mama alikuwa na deni langu. Magunia manane ya mapema Desemba. Kibanda kiliporwa, kila kitu kikaenda. Mimi nilishafuta, nikasema hiyo ni sadaka. Mwezi wa nne simu ikalia, M-Pesa, nayo ilikuwa kitu kipya tu, nikaona pesa za gunia moja. Halafu Juni, moja tena. Alilipa mpaka la nane na hakuwahi kunipigia aniambie chochote, na mimi kwa aibu ya ile simu ya Ijumaa sikumpigia.

Nimekuja hapa kuongea juu ya hiyo simu. Hayo mengine ni ya kuwapasha moto.

Kila mara tukichinjana huku kwetu, tume inaundwa, inaandika, inasema kulikuwa na dalili. Vita vya Molo 1992, kulikuwa na dalili. Njoro 1998, dalili. Tume ya Akiwumi, iliyochunguza hivyo vita vya miaka ya tisini, ilisikiza watu nchi nzima, ikaandika, dalili zilikuwepo. Na mimi nawauliza, hizo dalili zilikuwa zinaonekana na nani? Na yule anayeuza mboga. Chifu anaambiwa na watu kile anachotaka kusikia, mheshimiwa anakuja na gari limefungwa vioo, lakini mama mboga anajua nani hajakuja sokoni. Mtu wa boda anajua nani anahamisha mbuzi usiku, juu yeye ndiye amewabeba. Mwenye nyumba za kupangisha anajua mpangaji gani ameomba arudishiwe depo mwezi haujaisha. Mwalimu anajua dawati gani limebaki wazi. Nyinyi mko na habari nzuri kuliko intelijensia yoyote, shida ni kwamba mkizisema mnaambiwa venye mimi nilimwambia yule mama, hiyo ni siasa tu itaisha Jumapili.

Kuna watu waliwahi kulifanyia kazi hili jambo mpaka likashika, na hawakuwa maprofesa. Wajir, mwanzoni mwa miaka ya tisini, koo zilikuwa zinauana hadi mwanamke wa ukoo huu hawezi kununua maziwa kwa wa ukoo ule. Wanawake wachache wa koo tofauti, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, hawakuanza na bunduki wala wazee, walianza na soko. Wakakubaliana soko liwe la kila mwanamke, awe wa ukoo gani, wakaweka watu wao wa kuangalia kila siku, na ukimpiga mtu ama kumnyima bidhaa juu ya ukoo wake, kesi inaletwa mbele ya akina mama hapo hapo. Soko liliposhika ndio wakaenda kwa wazee, wazee wakaenda kwa vijana wenye silaha, mpaka serikali ikaketi nao kwa kamati moja, na zile kamati za amani za wilaya mnazozijua leo, mfano wake ulitoka huko, kwa wanawake wa maziwa. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na mwaka uo huo ukiisha nchi ikawaka, akawa tena katikati ya wale waliokuwa wanakimbia huku na huku kutuliza watu. Alifariki 2011 baada ya ajali ya barabarani. Sisi Wakenya tunajua majina ya waliochochea, ya waliotuliza hatuyajui, hebu niambieni ni kwa nini.

Sijasema serikali haijafanya kitu. 2008 sheria ilileta NCIC, tume ya uwiano. 2010 wakati wa kura ya katiba kulikuwa na Uwiano, ile namba 108, unatuma ujumbe bure unasema hapa kuna vipeperushi, hapa kuna watu wanapanga mawe, na mtu anafuatilia, na ile kura ilipita bila vita hata kule Bonde la Ufa tulikokuwa tunaogopa. 2022 NCIC wakaorodhesha hadi maneno, "madoadoa" likiwa ndani, yaani watu wa makabila mengine wanaoonekana kama madoa ya kufutwa, na sisi wa Nakuru hilo neno halihitaji kuelezwa, tulilisikia kabla ya nyumba kuchomwa. Lakini angalieni tarehe. 2010, kura. 2022, kura. Amani huku kwetu imekuwa kama mwanasiasa, inakuja mara moja kwa miaka mitano, inavaa tisheti nyeupe, inatembea barabarani na njiwa, halafu hamuioni tena.

Na Sondu haikungoja kura. 2023 hakukuwa na uchaguzi wowote, na watu waliuawa, nyumba zikachomwa, pale pale mpakani mwa Kisumu na Kericho. Mgogoro wa mpaka, na soko, na nani ana haki ya kukusanya ushuru upande gani, ukichanganya na wizi wa ng'ombe na kisasi cha jana. Sasa kura inaingia wapi hapo? Kama tisheti zenu za amani zinatolewa stoo kila uchaguzi tu, hiyo moto itawapata stoo ikiwa imefungwa.

Kuna ripoti ya Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia ya mwaka 2018 waliyopiga hesabu, wakasema dunia ikiweka pesa kwa kuzuia vita mapema inaweza kuokoa kati ya dola bilioni 5 na bilioni 70 kila mwaka. Mimi sina bilioni ila naielewa hiyo hesabu vizuri kabisa. Simu ya yule mama ilimgharimu kredo ya shilingi chache. Kutoisikiza kulinigharimu magunia 19, na sijahesabu hizo siku tisa na ile miaka minne. Halafu uende kwa kaunti uulize kamati ya amani inapewa nini, utaambiwa ni kazi ya kujitolea. Mzee wa nyumba kumi anatembea kilomita sita kwenda kuripoti, hana nauli wala kredo, akifika anaambiwa afisa ametoka. Tukishachomana, hapo ndio pesa inapatikana, magari ya polisi wa GSU yana mafuta, helikopta ina mafuta, mablanketi yanatoka, mahindi yanatoka. Mafuta ya kuzima yapo kila wakati, ya kuzuia hayajawahi kupitishwa kwa bajeti.

Sasa niseme kitu ambacho labda sitapigiwa makofi na walioko mbele hapa. Watu wa Kisumu mmeambiwa mara nyingi sana mtulie. Tulieni, kubalini, songeni mbele. Ile tume ya Waki ilipata kwamba kati ya hao 1,133, waliokufa kwa risasi walikuwa 405, na nyinyi hapa mnajua risasi haikutoka kwa kijana wa petroli ya chupa. 2017 tena mlizika watu, na mtoto mchanga alikuwa mmoja wao. Mtu aliyezika hivyo ukimwendea na wimbo wa amani tu bila haki, yeye anasikia unamwambia anyamaze. Mimi siwaambii mnyamaze. Amani ya kunyamaza ni kile kiazi nilichowaambia, ngozi iko sawa na ndani ni maji. Kwetu Nakuru ni vivyo hivyo na mashamba, watu wanaishi na karatasi za kuuziana ambazo hazijawahi kuwa hati, babu aliahidiwa, baba aliahidiwa, na kijana anasikia hizo ahadi akiwa hana kazi, halafu mtu anakuja na elfu moja na jerikeni. Mkitaka hiyo jerikeni ikose mwenyewe, maliza ile karatasi. Hapo hakuna njia ya mkato.

Lakini hati sio kazi yangu na yenu leo. Yetu ni ile simu.

Ninachoomba ni kidogo. Kila soko kwa hii barabara, Molo, Kericho, Kapsoit, Sondu, Ahero, Kibuye, Oyugis, liwe na watu wawili wa kupigiwa, na wasiwe wa lugha moja, na mmoja lazima awe mama, juu wanaume, mmenisikia mwenyewe venye nilijibu. Kazi yao sio kupatanisha watu, ni kupokea tu na kupigiana. Nani hajakuja, nani amekunja turubai, petroli inauzwaje. Ukisikia uvumi Sondu, kabla hujausambaza kwa grupu la WhatsApp mpigie mtu wa upande ule ingine umuulize kama ni kweli, mara nyingi utakuta ng'ombe alipotea tu na alishapatikana. Na kredo ya hao watu tutoe sisi wenyewe kutoka kwa chama, shilingi ishirini ishirini kila wiki, mpaka siku kaunti itaona aibu ituongezee. Kama nyinyi mnaweza kuchangia matanga mnaweza kuchangia hiyo.

Huyo mama wa Sondu nilikuja kumwona uso kwa uso 2012. Nilimwambia pole juu ya ile Ijumaa. Akaniambia nishushe magunia manane, atalipa nikirudi. Nikashusha.

Niko na daftari hapa, nimechora mistari, jina la soko, jina la mtu, namba ya simu, na lugha unazosikia. Linaanzia kwa huyo mama wa kitenge cha kijani pale nyuma, kalamu iko ndani. Sondu nimeshajaza mmoja, nahitaji wa upande wa pili.